URITHI USIOLIWA NA MCHWA



Mzee anapokufa kijijini, siku za matanga zikiisha, watu hukusanyika mbele ya nyumba yake ili kugawana alivyoviacha. Huyu hupewa jembe, yule hupewa mbuzi, mwingine hupewa mtumbwi na nyavu. Mara nyingi ugomvi huzaliwa hapo hapo, na ndugu wa tumbo moja hawasemezani tena kwa ajili ya kitanda kimoja na sufuria mbili. Mvua zikinyesha miaka michache, jembe limelika, mbuzi wameliwa, mtumbwi umeoza, na mchwa wamekwisha kutafuna nguzo za nyumba. Ndipo watu huuliza: Mzee yule aliacha nini?

Swali hili huwasumbua wenye mali, lakini huwasumbua zaidi wasio na kitu. Mtu asiyejaliwa mtoto huliwaza usiku. Mgeni asiye na ukoo kijijini huliwaza. Mjane huliwaza, na kiwete, na kila mtu ambaye wenziwe wamezoea kumpita pasipo kumsalimu. Husema moyoni: Sina ng'ombe, sina mtoto, sina jina; siku nitakapokufa nitatoweka kama moshi wa jikoni.

Hofu hiyo ni mlango ambao Shetani hupenda kuupitia. Wako wakatekumeni walioanza vema, wakajua sala zao zote, wakaacha mafundisho kwa sababu hiyo tu. Mmoja aliona mke wake hazai, akatwaa mke wa pili. Mwingine alikwenda kwa mganga usiku ili apate utajiri wa kuwaachia wanawe. Mwingine tena alimnyang'anya mjane wa kaka yake shamba, akisema kwamba jina la ukoo lisipotee. Wote walitaka kuacha urithi. Wote walipoteza urithi ulio mkubwa kuliko wote.

Basi yafaa kila katekumeni ajue, kabla ya kufika kwenye maji ya ubatizo, urithi wa mkristu ni kitu gani, na huachwa namna gani.

I. MAFUNDISHO YA BWANA

Bwana Yezu alisimulia habari za tajiri mmoja ambaye mashamba yake yalizaa sana. Tajiri huyo alikusudia kubomoa ghala zake na kujenga nyingine kubwa zaidi, apate kula na kunywa miaka mingi. Usiku ule ule roho yake ikatakiwa. Na Bwana hakusema kwamba tajiri huyo alikuwa mwizi au mwuaji. Kosa lake lilikuwa hili: alijiwekea akiba nafsi yake peke yake, na mbele ya Mungu alikuwa maskini.

Tena, usiku wa kuamkia mateso yake, Bwana aliacha wosia wake. Hakuwa na nyumba ya kuwagawia mitume, wala fedha, wala mifugo. Alijifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika chombo, akawaosha miguu mmoja mmoja, hata yule aliyekwisha kuazimia kumsaliti. Kisha akawaagiza watendeane vivyo hivyo. Katika karamu ile ile akawapa Mwili wake na Damu yake. Huo ndio urithi wa Yezu: yeye mwenyewe katika Sakramenti ya Altare, na mfano wa mtumishi anayepiga magoti mbele ya miguu yenye vumbi. Mtu asiweze kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Anayetaka kuipokea Ekaristia lakini hataki kumwosha mgonjwa vidonda, amechukua nusu ya wosia na kuitupa nusu nyingine.

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume mna habari za mwanamke mmoja wa mji wa Yafa, jina lake Tabita, ambaye kwa Kigiriki aliitwa Dorkas. Alikufa, na Mtume Petro akaitwa. Alipoingia chumbani alikuta wajane wamesimama wakilia. Wajane wale hawakumweleza Petro habari za ukoo wa Tabita, wala za mali yake. Walimwonyesha kanzu na nguo ambazo Tabita aliwashonea wakati alipokuwa pamoja nao. Urithi wake ulikuwa miilini mwa maskini! Petro akapiga magoti, akaomba, na Mungu akamrudishia Tabita uhai.

Tazameni basi: Tabita alikuwa na sindano na uzi tu, na mpaka leo Kanisa lote lasoma habari zake.

II. MTOTO ALIYEUZWA

Labda mtu atasema: Hayo ni mambo ya Nchi Takatifu, ya zamani sana. Mafundisho haya yana mfano wa karibu. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, karibu mkabala wa Mpala, ipo misioni ya Karema, ambayo leo imo katika nchi ya Tanzania. Mpala na Karema ni kama ndugu wawili: vyote viwili vilikuwa kwanza vituo vya chama cha Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, na vyote viwili vilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadri Weupe, mwaka 1885. Huko Karema amezikwa mtu aliyeitwa Adrien Atiman.

Atiman hakuzaliwa kando ya ziwa. Alizaliwa mbali sana, upande wa machweo ya jua, kijijini Tundurma, karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo yaitwa Mali. Ilikuwa yapata mwaka 1866. Alikuwa angali mtoto mdogo wafanyaji wa biashara ya watumwa walipomnyakua kwao. Wakamvusha jangwa la Sahara, nchi ya mchanga na kiu, ambamo watumwa wengi waliachwa njiani wafe. Hakuwa tena mwana wa mtu. Alikuwa bidhaa, kama chumvi na ngozi.

Wazee wa nchi za ziwa hawahitaji kuelezwa sana utumwa ulikuwa nini. Katika miaka ile ile misafara ya watumwa ilipita Manyema na Marungu, ikavuka ziwa kwenda pwani. Vijiji vya kwanza vya wakristu, kama vile Kibanga na Mpala, vilijazwa na watu waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyaji wa biashara hiyo. Katika jamaa nyingi za wakristu wa kando ya ziwa, bibi au babu wa zamani alikuwa mmoja wa hao.

Mwaka 1876, mahali paitwapo Metlili, katika nchi ya Aljeria, wamisionari walitoa fedha, wakamkomboa mtoto Atiman. Wakampeleka Algiers, wakamlea na kumfundisha. Huko alijifunza habari za Mkombozi mwingine, aliyelipa bei kubwa kuliko fedha yote ya Aljeria, maana alilipa kwa damu yake mwenyewe juu ya msalaba. Mtoto aliyekwisha kuuzwa na kununuliwa aliweza kulifahamu fundisho hilo kuliko wengine. Watu husema neno Mkombozi kila siku katika sala bila kufikiri. Yeye alijua uzito wake, kwa kuwa alikuwa na kamba shingoni kabla ya kuwa huru.

III. MIAKA SABA YA KUJIFUNZA

Askofu Mkuu wa Algiers siku hizo alikuwa Charles Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, ambaye alifanywa Kardinali mwaka 1882. Yeye aliona kwamba Afrika itaongolewa na Waafrika wenyewe. Kwa hiyo, mwaka 1881, alifungua katika kisiwa cha Malta nyumba ya kuwalea vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wajifunze udaktari, ili warudi katika nchi za Waafrika wakiwa madaktari na makatekista pamoja. Aliwataka wakae na watu kama ndugu zao, wale chakula chao, waoe katika nchi watakazotumwa, wasijifanye mabwana juu ya wengine.

Atiman alikaa Malta tangu mwaka 1881 hata mwaka 1888. Miaka saba! Wako wakatekumeni wanaonung'unika kwa sababu mafundisho ni marefu. Huuliza: Mbona padri hatubatizi leo? Na wajue kwamba Kardinali Lavigerie mwenyewe aliwaagiza wamisionari wake wawatayarishe watu muda wa miaka minne kabla ya kuwabatiza. Hakuwa na uchoyo wa sakramenti. Alijua kwamba mti unaoota upesi huangushwa na upepo wa kwanza. Mkono hauwezi kujifunza kufunga kidonda kwa siku moja, na moyo hauwezi kujifunza kusamehe kwa siku moja. Muda wa ukatekumeni si muda wa kungoja tu mlangoni. Ni muda wa kujizoeza kazi ya nyumbani mwa Baba.

Mwaka 1888 Atiman alitumwa katika nchi za Maziwa Makuu. Alisafiri kwa bahari, kisha kwa miguu kutoka pwani, na mwaka 1889 alifika Karema. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Wenzake wengine waliolelewa Malta walitumwa hata upande wa Kongo wa ziwa.

Hapa yafaa kusimama kidogo na kufikiri. Kijana huyu alikuwa huru. Alikuwa na elimu ambayo wakati ule Waafrika wachache sana walikuwa nayo. Angeweza kusema: Nimeteswa vya kutosha, sasa na nitafute faida yangu. Tena, watu wa Karema hawakuwa ndugu zake. Hakuijua lugha yao, wala wao hawakulijua jina la kijiji chake. Lakini Mtume Paulo amefundisha kwamba mtumwa aliyeitwa na Bwana amekuwa huru, na huru aliyeitwa amekuwa mtumwa wa Kristu. Atiman alikuwa yote mawili. Wanadamu walimfanya mtumwa kwa nguvu. Yeye mwenyewe, kwa hiari, alijifanya mtumishi. Ya kwanza ni aibu ya wale waliotenda hivyo. Ya pili ni utukufu wa mkristu.

IV. MIAKA SITINI NA SABA

Kazi ya daktari-katekista ilikuwa ya namna mbili, nayo ilikuwa moja. Aliponya miili na kufundisha roho. Aliwapokea wenye homa, wenye vidonda, walioumwa na nyoka, wanawake waliopata shida ya kuzaa. Mgonjwa alipokuwa karibu kufa, naye alitaka ubatizo, alimfundisha mambo ya lazima na kumpa maji ya wokovu. Kisha aliwafundisha wazima sala na amri za Mungu. Huduma za mwili hazikuwa chambo cha kuwavutia watu kanisani, kama mvuvi atiavyo chambo katika ndoana. Alimhudumia mgonjwa kwa kuwa katika mgonjwa yumo Kristu, na alifundisha dini kwa kuwa mwenye mwili ana roho pia.

Alioa mwanamke wa nchi ile, Agnes Wansahira, wa ukoo wa kitawala katika Wabende. Mtoto aliyeuzwa sokoni, asiye na jamaa hata mmoja katika nchi ile, alipewa na Mungu mahali pa kukaa na watu wa kuwaita ndugu. Mwana wao Joseph alipata neema ya kuwa padri.

Atiman alifika Karema mwaka 1889. Alikufa mwaka 1956. Ni miaka sitini na saba. Hesabuni ninyi wenyewe. Alikuwapo huko Wadachi walipotawala nchi ile. Alikuwapo Waingereza walipoitwaa. Vita viwili vikubwa vya ulimwengu vilipita, na yeye alikuwa bado ni daktari wa Karema. Watoto aliowaona wakizaliwa walizeeka machoni pake. Mtu akitenda jambo jema siku moja, watu humsifu siku moja. Mtu akitenda jambo lile lile miaka sitini na saba, watu mwishowe husahau kusifu, kama wasivyolisifu jua linapopanda. Lakini Mungu hasahau. Naye ndiye anayepima uaminifu.

V. ALIACHA NINI?

Basi, lile swali la mbele ya nyumba ya marehemu na liulizwe sasa juu ya kaburi la Karema. Atiman aliacha nini?

Hakuacha ukoo wa baba zake, kwa maana aliondolewa kwao angali mtoto. Hakuacha ardhi ya mababu. Lakini waliishi watu ambao bila yeye wangalikufa, nao wakazaa watoto, na watoto wao wakazaa watoto. Walikufa watu katika amani ya Mungu ambao bila yeye wangalikufa katika woga. Na hata huko Dar es Salaam, mbali na Karema, nyumba moja kongwe, iliyojengwa zamani za Masultani wa Zanzibar, yaitwa kwa jina lake, Atiman House. Masultani ambao siku zao watumwa waliuzwa sokoni wamepita, na nyumba ya siku zao yatajwa kwa jina la mtoto aliyeuzwa. Hivyo ndivyo Mungu anavyowashusha wakuu na kuwainua wanyenyekevu, kama Bikira Maria alivyoimba nyumbani mwa Elizabeti.

Lakini mtu asidhani kwamba jina lililoandikwa juu ya nyumba ndilo urithi wenyewe. Watoto wengine waliokombolewa jangwani walikufa mapema, na majina yao hayatajwi. Vijana wengine wa Malta walifanya kazi ile ile, na watu wachache tu wanawajua leo. Je, hao hawakuacha kitu? La, hasha! Huduma haipimwi kwa sifa. Anayetumikia ili akumbukwe amekwisha kupokea mshahara wake, naye hujitumikia nafsi yake. Mkristu hutumikia kwa sababu amekombolewa. Urithi hufuata nyuma, kama kivuli kinavyomfuata mtu anayetembea kuelekea jua. Akigeuka kukifukuzia kivuli, analipa jua kisogo.

Upande wa Kongo wa ziwa hilo hilo uko ushuhuda mwingine. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, mahali ambapo leo paitwa Moba, Stefano Kaoze alipewa Upadri, padri wa kwanza Mkongo katika nyakati hizi. Jina lake lafahamika sana, na ni haki. Lakini kila padri ana mtu aliyemfundisha kuchora ishara ya msalaba. Ana mama aliyemwamsha asubuhi aende Misa. Kuna mfundishaji wa kijiji, mwenye kitabu kimoja kilichochakaa, aliyekaa chini ya mti na watoto kumi, huku wanne wamelala usingizi na wawili wanapigana. Mfundishaji huyo hajui ni yupi katika wale kumi atakayesimama altareni. Anafundisha wote. Akifa, watu husema hakuacha kitu. Mbinguni wanajua alichoacha.

VI. ASIYE NA ELIMU AFANYE NINI?

Huenda katekumeni akajibu: Atiman alikuwa daktari. Mimi ni mkulima. Sijui kusoma vizuri. Nina shamba la mihogo na nyumba ya nyasi. Nitaacha huduma gani?

Bwana hatamwuliza mkulima kwa nini hakuwa daktari. Katika habari za Hukumu ya mwisho, Yezu alitaja mambo yaliyo katika uwezo wa kila mtu: kumlisha mwenye njaa, kumnywesha mwenye kiu, kumpokea mgeni, kumvika asiye na nguo, kumtazama mgonjwa, kumwendea mfungwa. Hakuna hata moja ambalo latakiwa cheti.

Tazameni mambo ya kijiji chenyewe. Njia ya kwenda kisimani imeharibika, na wanawake wenye mimba huanguka na mitungi. Nani ataifyeka na kuchimba ngazi, bila kungoja amri ya chifu? Yuko kikongwe asiye na mtoto. Kuni zake nani humchanjia? Yuko yatima anayelala leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mahali hupewa makombo. Nani atamwambia: Kaa hapa, wewe ni wa nyumba hii?

Tena yako mambo yaliyo magumu kuliko kuchanja kuni. Mtoto amekufa, na watu wamemnyoshea kidole bibi mmoja mzee, wakisema ni mchawi. Hakuna anayemsalimu. Hakuna anayemwuzia chumvi. Usiku watu wanataka kuichoma nyumba yake. Hapo ndipo imani ya katekumeni inapojaribiwa. Akinyamaza, atabaki na rafiki zake. Akisimama mlangoni mwa bibi yule, labda atapigwa yeye. Mtu aliyekombolewa na Damu ya Kristu hawezi kumwacha mtu mwingine auawe kwa sababu ya uvumi. Yeye na asimame mlangoni, tena awaite wazee wenye busara na mfundishaji wasimame pamoja naye. Mtoto mdogo atakayemwona amesimama pale hatasahau mpaka uzee wake; na huo ni urithi.

Na yuko mjane. Mume wake amekufa, na ndugu za mume wamekuja kuchukua hata mlango wa nyumba. Mmoja wa ndugu hao ni katekumeni. Desturi yampa sehemu. Injili yampa wajibu. Akichukua sehemu yake, atapata sufuria moja. Akimwachia mjane nyumba yake na shamba lake, ndugu zake watamcheka na kumwita mpumbavu. Lakini watoto wa mjane watakua katika nyumba ile, na siku moja watawaambia watoto wao: Nyumba hii twaishi ndani yake kwa sababu ya baba mdogo aliyekuwa akijifunza dini. Sufuria ingalitoboka zamani.

Naye mtu asiyejaliwa mtoto asikie fundisho hili na kupata faraja. Kukosa mtoto si laana ya Mungu, wala si sababu ya kumfukuza mke au kuongeza wa pili. Mungu amewapa watu hao mikono isiyofungwa na watoto wa kwao wenyewe, ili iwafikie watoto wasio na mtu. Mtakatifu Yosefu hakumzaa Yezu, lakini alimlisha, alimlinda, alimfundisha kazi, na mbinguni na duniani anaitwa baba.

VII. KABLA YA KUFIKA KWENYE MAJI

Siku ya ubatizo kila mmoja atapewa jina jipya. Jina hilo ni kama shamba lisilolimwa bado. Mtakatifu aliyekuwa nalo zamani alilima shamba lake. Mkristu mpya atalima lake. Atapewa pia vazi jeupe na mshumaa unaowaka. Mshumaa hauwaki kwa ajili yake wenyewe. Huwaangazia waliomo nyumbani, na katika kuwaangazia huisha. Hakuna aliyepata kuona mshumaa uliotoa nuru na kubaki mzima.

Basi, asiogope mtu kuisha. Aogope kubaki mzima mpaka mwisho, pasipo kumwangazia mtu, kama mshumaa uliofungiwa sandukuni hata ukaliwa na panya. Neema ya Mungu humtangulia kila mtendaji mema. Pasipo neema hiyo mikono huchoka siku ya tatu. Kwa hiyo mtumishi wa kweli husali kila siku, hutubu makosa yake, na akiisha kubatizwa hupokea mara nyingi Mwili wa Bwana, ulio chakula cha watumishi.

Siku moja matanga ya kila mmoja yatakwisha, na watu watakaa mbele ya nyumba kugawa majembe. Na wapate majembe machache. Lakini wajane wasimame wakionyesha nguo, yatima wasimame wakisema: Alinipokea, na watu waliofundishwa naye wasali Baba Yetu juu ya kaburi lake. Hapo mchwa hawana kitu cha kutafuna.

MASWALI YA KUKUMBUKA

1. Tajiri wa Injili alikosa nini mbele ya Mungu?
Alijiwekea akiba nafsi yake peke yake, wala hakuwa tajiri mbele ya Mungu.

2. Bwana Yezu aliwaachia mitume urithi gani usiku wa kuamkia mateso yake?
Aliwaachia Sakramenti ya Mwili na Damu yake, na mfano wa kuwatumikia wengine alipowaosha miguu.

3. Kwa nini mkristu huwatumikia wengine?
Kwa sababu amekombolewa na Kristu, na katika jirani mwenye shida humwona Kristu mwenyewe.

4. Je, asiye na mali wala mtoto aweza kuacha urithi?
Ndiyo, matendo ya huruma yaliyotendwa kwa imani ni urithi usiopotea.

AZIMIO LA JUMA HILI

Kila katekumeni achague mtu mmoja kijijini ambaye hakuna anayemwendea: mgonjwa, mjane, kikongwe au yatima. Amtendee jambo moja kwa mikono yake, bila kumwambia mtu ye yote. Na jioni, kabla ya kulala, aseme polepole:

Ee Yezu Mkombozi wangu, umeninunua kwa Damu yako. Mimi si mali yangu tena. Unifundishe kuwatumikia wengine kama ulivyonitumikia wewe. Na nikifa, uwaachie watu wa kijiji changu kitu kimoja kilicho chako, kilichopita mikononi mwangu. Amina.